Ombi Lako Limepokelewa

"Abee," Shekha aliitikia, akaweka kijiko chini.

Hakuna aliyemwita. Ilikuwa Alhamisi alasiri, mtaa wa Shella, Malindi, na nyumbani walikuwa watatu tu: Afiya, mama wa mtoto, aliyeinamia kompyuta ukumbini, Kache, aliyekuja kufua na kupika, na Shekha mwenyewe, miaka saba, anakula wali wake jikoni. Baba yake alikuwa kazini Kilifi.

Kache alingoja kidogo kusikia kama kuna anayeita. Kisha akaenda ukumbini akijifuta mikono kwa leso.

"Mama Shekha, ni wewe umemwita mtoto?"

"La."

"Basi amemwitikia nani?"

"Nawe Kache. Watoto hawaishi michezo. Niache, jarida ndiyo kwanza limetoka."

Niseme mapema, nisije nikaambiwa namwonea: Afiya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sifa, na kwa ajili ya sifa alifanya mambo ambayo hata kwa pesa asingeyafanya.

Jarida lenyewe liliitwa Chetezo, jina la chombo cha kufukizia udi. Lilikuwa la bure, la watu wanaopenda kutengeneza udi na manukato nyumbani kwa kujifurahisha. Lilitoka kwa barua pepe kila Alhamisi kabla ya magharibi, saa ambayo nyumba hufukizwa kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Wiki hii udi wa kupika, na namna ya kujua sukari imeiva kabla haijaungua. Wiki ijayo vikuba vya asmini, vile vya kubandika kifuani. Afiya hakulipwa hata senti. Alichotaka ni idadi ya wasomaji. Walikuwa elfu moja na watatu, na hapakuwa na mtu Shella ambaye hajaambiwa. Majina aliyapata harusini: alipitisha daftari baina ya wanawake, wakajiandika, na bibi asiyejua mambo ya barua pepe aliandikiwa na mjukuu wake.

Kuingia ilikuwa rahisi, kutoka ndiyo kazi. Chini kabisa ya kila toleo palikuwa na neno "jiondoe", dogo, la kijivu kilichopauka, ungedhani ni vumbi kwenye kioo. Aliyelibonyeza alijibiwa na mashine: "Ombi lako limepokelewa. Hadi litakaposhughulikiwa, utaendelea kupokea jarida letu kila Alhamisi." Maneno hayo Afiya aliyatunga mwenyewe, kwa adabu zote. Maombi yenyewe hakuyashughulikia hata moja. Elfu moja na watatu wakishuka wakawa elfu moja na wawili, usingizi ungempaa.

Na kila barua ilianza kwa jina la msomaji na karibisho moja: "Fulani, karibu. Chetezo ki tayari, mlango u wazi." Watu walilipenda karibisho lile.

Afiya aliporudisha macho kwenye kompyuta, alikuta tangazo la kampuni iliyomsambazia barua. Msomaji mmoja amelalamika kwamba anapelekewa barua taka. Ilikuwa wiki ya nne mfululizo, msomaji yule yule, na kila mara lalamiko lilifika sekunde ile ile barua ilipotoka, kabla mtu hajawahi kuifungua. Bi Mwanasiti, wa Mambrui.

Huyu Bi Mwanasiti alikuwa ameandika pia. Barua ya kwanza ilisema: Nitoeni katika majina yenu. Ya pili: Mkiniita naja, nikija sina pa kukaa, nitoeni. Afiya aliisoma akacheka, akasema wazee wakipewa simu ni mtihani. Ya tatu ilikuwa imefika jana yake: Nimeomba mara tatu. Mkiniita tena, nitaingia palipo wazi. Zote tatu zilijibiwa na mashine, kwa maneno yale yale.

"Bibi huyu ana nini nami?" alisema Afiya.

Kache aliinua uso. Alikuwa ananusa. Harufu ilikuwa imeingia ukumbini, nayo haikuwa ya udi. Ilikuwa ya kafuri, ile anayopakwa maiti, na ndani yake makaa yaliyomwagiwa maji.

"Kuna msiba jirani?" Kache aliuliza kwa sauti ya chini.

Afiya aligeuka. Juu ya kabati, chetezo ambacho siku hiyo hakikutiwa hata kaa moja kilikuwa kinatoa moshi.

Kesho yake, Ijumaa, midomo ya Shekha ilikuwa myekundu. Afiya aliifuta kwa kidole akanusa: tambuu. Katika nyumba ile hakuna aliyetafuna tambuu. Jumamosi mtoto aliketi mkekani miguu upande, mkono mmoja kiunoni, akanyanyuka kwa kuguna, akamwambia mamake, "Nipishe, mwanangu." Baba yake, aliyekuja kwa mwisho wa juma, alimpeleka hospitali, akapimwa kila kitu, hakuonekana na ugonjwa wowote. Jumapili jioni baba akarudi Kilifi akisema ni mchezo wa shuleni.

Lakini ilipofika Jumanne mambo yaligeuka kuwa mengine, maana jua lilipoanza kushuka mtoto aliitwa na sauti aliyoisikia peke yake, akaitikia "abee" na kwenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango wa mbele kama anayengoja kuambiwa la kufanya, na Afiya akimwita kutoka nyuma, Shekha, Shekha mwanangu, nitazame, mtoto hakugeuka wala hakutikisa hata kope, akamwita mara tatu, mara tano, akamshika mabega akamwita usoni, na macho yale yalimpita kama asiyejua kwamba kuna mtu pale, huku ile harufu ya kafuri ikipanda kutoka kwenye nywele zake alizooshwa asubuhi.

Afiya aliketi chini akalia. Mwanawe alikuwa anaacha kumsikia.

"Mama Shekha," Kache alinong'ona, "kwetu Adu wangekuuliza swali moja tu. Umemkosea nani?"

Afiya aliichukua simu yake. Halafu akamsomea zile barua tatu.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa Mambrui. Nyumba ya Bi Mwanasiti ilijulikana na wote, na barazani alimkuta mwanamume wa makamo anashona kofia, mwana mkubwa wa bibi huyo, Abdalla.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Namtafuta Bi Mwanasiti. Nimekuja kumtaka radhi."

Abdalla aliweka sindano. "Mama yuko makaburini. Mwezi wa kumi na moja huu."

"Ananiandikia," Afiya alisema. "Juma lililopita ameniandikia."

Alimpa simu. Abdalla alizisoma barua zote tatu bila kubadilika uso, kisha akaingia ndani, akarudi na simu ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Hii ndiyo yake. Haina chaji tangu mwaka jana, i kashani na nguo zake." Akaishika bila kuifungua. "Wewe ndiwe Chetezo?"

"Ndimi."

"Basi keti nikwambie. Mama alikuwa kiti cha pepo. Alikuwa na mgeni, miaka hamsini, alimpanda na kusema kwa kinywa chake. Hakumdhuru mtu. Alitaka heshima tu: afukiziwe udi usiku wa Ijumaa, aitwe kwa jina la mama, aambiwe karibu. Mama alipofariki, siku ya arubaini tulimwandalia mgeni chano cha mwisho, sinia la vitu avipendavyo, tukamuaga. Tukamwahidi kwamba jina lile halitafukiziwa tena. Alikula, akaenda zake kwa salama. Jioni hiyo hiyo nikaifungua simu ya mama, nikaona barua yako. Mwanasiti, karibu. Chetezo ki tayari."

Afiya aliinamisha kichwa.

"Nikakitafuta kile kineno chako kidogo nikakibonyeza. Nilijibiwa limepokelewa. Nikaamini, nikaizima simu."

Afiya alilifuta jina la Bi Mwanasiti pale pale barazani. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

"Ni hivyo tu?" Abdalla aliuliza.

"Ni hivyo tu."

"Na ulishindwa nini?"

Afiya alimshika Abdalla miguu akamwomba aje Shella, na Abdalla alikubali kwa ajili ya mtoto. Alilisema hilo wazi, kwamba si kwa ajili yake.

Alhamisi alasiri walifunga madirisha. Abdalla aliweka chano katikati ya ukumbi: halua, mayai mawili, tambuu iliyokunjwa, chupa ya marashi. Akatia udi kwenye makaa. Kache alisimama karibu na mlango wa jikoni, leso mdomoni. Shekha alikuja mwenyewe akaketi mbele ya chano, miguu upande.

"Usimwamrishe," Abdalla alimnong'oneza Afiya. "Mwombe."

Afiya alipiga magoti. Moshi ulipanda ukafika usawa wa uso wa mtoto, na hapo ukaacha kupanda, ukatulia kama kuna mtu anauvuta taratibu kwa pua, na harufu nzuri ya udi ikaanza kugeuka, kwanza sukari iliyoungua, kisha makaa mabichi, kisha kafuri, hata Kache akaegemea ukuta, na ile midomo midogo ambayo asubuhi ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ikafunguka, myekundu mpaka ndani.

"Afiya," ilisema sauti kavu ya ajuza. "Kumbe na wewe wajua kuomba."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa nimeagwa. Nimekula chano changu, nimekwenda zangu. Ukaniita, nikaja. Nikazunguka vyumba vya Mwanasiti nikimtafuta, hayupo. Nikarudi. Ukaniita tena. Alhamisi arubaini na tatu umeniambia karibu, mlango u wazi, na mara arubaini na tatu nimesimama nje kama ombaomba. Nikakuomba unitoe. Mara tatu. Ulinijibu nini?"

Afiya alimtazama Abdalla.

"Sema, mwanao asikie."

"Nilikujibu... ombi lako limepokelewa."

"Haya. Nawe niombe mara tatu."

Afiya aliomba. Mara ya kwanza aliomba kwa maneno aliyofundishwa na Abdalla, kwa utaratibu na heshima. Mara ya pili maneno yalimpotea akasema tu mtoto ni mmoja, sina mwingine. Mara ya tatu aliweka paji la uso sakafuni mbele ya miguu ya mwanawe mwenyewe na kusema nichukue mimi, ukae kwangu, mwache huyu.

Mtoto alimwinamia. Kisha akatabasamu, meno mekundu.

"Ombi lako limepokelewa. Hadi litakaposhughulikiwa, utaendelea kunipokea kila Alhamisi."

Shekha alianguka ubavu. Alipofumbua macho alikuwa Shekha, analia, anataka maji, anasema mama kichwa chauma. Afiya alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Kache alilia naye.

Abdalla alikuwa bado anakitazama chano. Halua ilikuwa nzima, tambuu haikuguswa, marashi yalikuwa mpaka shingoni mwa chupa.

"Hakuonja kitu," alisema polepole. Alikusanya vitu vyake akaondoka, na hakumwangalia Afiya usoni alipomuaga.

Usiku ule Afiya alilifunga jarida. Alifuta majina yote elfu moja na mawili, akafuta matoleo, akafunga akaunti, akalichana daftari la harusini ukurasa kwa ukurasa. Chetezo alikitupa jalalani. Siku sita zilizofuata zilikuwa za raha ambayo hajapata kuijua. Shekha alikula, alicheza, akigombezwa alinuna. Akiitwa na mamake aliitikia mara moja, na Afiya alimwita mara nyingi bila sababu, apate tu kusikia.

Alhamisi ikafika. Alasiri Kache aliwasha jiko akampakulia mtoto wali. Kompyuta ilikuwa imefungiwa kabatini. Afiya aliketi ukumbini, mikono mapajani, akihesabu dakika za kufika magharibi, na simu yake ikatoa mlio mmoja.

Barua pepe. Ilitoka Chetezo, jarida ambalo halikuwapo tena. Haikuwa na udi wa kupika wala vikuba vya asmini, ila mstari mmoja juu:

"Shekha, karibu. Chetezo ki tayari, mlango u wazi."

Mtoto hakuwa na anwani, hakuwahi kuandikwa popote. Afiya aliitelezesha barua ile chini, na ikawa inashuka tu, nyeupe tupu, akaendelea kuitelezesha huku harufu ya kafuri ikianza kumfika puani, mpaka chini kabisa akaliona neno lake mwenyewe, dogo, la kijivu kilichopauka. Alilibonyeza. Alilibonyeza tena na tena, mpaka ukucha ukamuuma. Kila mara alijibiwa, kwa adabu zote, kwamba ombi lake limepokelewa.

Jikoni, kijiko kiliwekwa chini.

"Abee," Shekha aliitikia.