Mwendo wa Kocha

Mguu ulimpiga kifuani kabla hajamwona mwenye kuubeba. Ilikuwa saa sita mchana, ngazi za jengo la maduka zimefurika watu, na kijana mwenye koti jeupe la kazi alikuwa akipanda mbio huku amekumbatia mguu wa bandia uliovishwa kiatu cheusi kinachong'aa.

"Samahani sana dada. Huu mguu hauna adabu."

"Umeuiba wapi?"

"Nimeutengeneza mwenyewe. Mwenye nao ananisubiri kliniki, ghorofa ya tatu, kasimama na mmoja."

Dada huyo alicheka hadi mkoba ukamponyoka. Yeye alikuwa mtengenezaji wa wahusika wa gemu za kompyuta, na wiki nzima goti lilikuwa limemtoa jasho: akisogeza paja la zimwi lake, muundi unabaki nyuma, unaelea hewani. Akamweleza yule fundi wa miguu palepale, watu wakiwapiga vikumbo.

"Kila kiungo kina mkubwa wake," fundi akasema. "Unyayo unafuata muundi, muundi unafuata paja, paja linafuata nyonga. Wewe umeanzia wapi?"

"Unyayoni."

"Ndiyo maana. Anzia nyonga, Bi Goti."

Jina likamganda, na mapenzi hayakukawia. Kila asubuhi simu ililia.

"Umeamka, Bi Goti?"

"Goti moja limeamka. La pili linataka kubembelezwa."

Walipofikisha miezi minne, alimwomba fundi amwonyeshe wagonjwa wakijifunza kutembea. Kliniki haikuruhusu wageni, lakini fundi alimfungulia chumba cha mazoezi, kwa sharti moja tu kwamba asipige picha. Akaahidi. Akaketi pembeni na gauni lake la manjano, akamwona Kocha, mzee wa mwili mkubwa aliyefundisha riadha miaka mingi. Kocha aliinua bega kwanza, akasita, kisha akaitupa nyonga na mguu wa bandia ukafuata. Ulikuwa mwendo ambao hajapata kuuona kwa mtu mwingine. Mkono wa Bi Goti ukaiegemeza simu kwenye mdomo wa mkoba, ikarekodi sekunde arobaini.

Alijiambia kwamba sura haitaonekana. Akaunganisha kiungo kwa kiungo, bega na nyonga vikifuata ile picha, na zimwi likatembea. Ofisini walimpigia makofi. Usiku ule fundi alipomsifu kwenye simu, alijibu "nimebahatisha tu," akabadilisha mazungumzo.

Tangazo la gemu lilipotoka, binti wa Kocha aliutambua mwendo wa baba yake kwa hatua tatu za zimwi. Watu mtandaoni walikuwa wakilicheka. Malalamiko yakafika kliniki, na fundi akasimamishwa kazi, kwa kuwa ufunguo wa chumba kile alikuwa nao yeye peke yake.

"Wamenisimamisha kazi. Ni wewe uliyerekodi?" akamuuliza Bi Goti kwenye simu.

"Mpenzi, nisikilize. Sura sikuiweka. Nilichukua viungo tu."

"Viungo tu!" fundi akarudia. "Wagonjwa wangu mimi nawajua kwa viungo. Hata nikiwapa mgongo, nasikia hatua, najua nani kaingia."

"Hukunitaja?"

"Niliwaambia niliingiza mtu. Jina lako lilinishinda kulitoa."

Fundi akakata simu. Siku mbili Bi Goti aliwaza kulibadilisha zimwi kimyakimya na kujifanya hakuna lililotokea, kisha akajionea aibu hata kwa kuliwaza. Akakiri ofisini, tangazo likaondolewa, naye akapewa barua ya onyo. Akaenda kwa mkuu wa kliniki, akasema yote. Mwisho akabeba kompyuta hadi nyumbani kwa Kocha.

Mbele ya macho ya Kocha alikifungua kiungo cha nyonga, kisha goti, kisha bega. Zimwi likaanguka chini vipande vipande.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Kocha. Nisamehe."

"Nimekusikia. Kusamehe niachie mwenyewe, usinihimize."

Alitoka akilia, akijua anastahili. Fundi alikuwa amesimama nje ya geti, vifungo vya shati vimekosewa.

"Mkuu kanipigia. Kesho narudi kazini. Kasema uko huku."

"Kocha hajanisamehe."

"Hata mimi bado."

"Najua."

"Nimekasirika, si mchezo. Hasira hii nimeipima, haiishi wiki hii wala ijayo." Akavuta pumzi. "Lakini siku tano nimekasirika peke yangu chumbani, nimechoka. Nataka nikukasirikie nikiwa mumeo."

Alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Sistahili," akasema.

"Hilo sikukuuliza."

Wapita njia walikuwa wamesimama kuwatazama. Akaushika mkono wa fundi, uliokaushwa na miaka ya unga wa plasta, akaubana kwa nguvu.

"Basi nikasirikie," akasema. "Nikasirikie mpaka uishiwe, mimi nipo."