Kisahani cha Siki

"Mwambie autoe huo mkono begani mwako kabla sijautoa mimi."

Jovelyn aliyasema hayo kwa sauti ya chini na tabasamu pana, hata aliyeketi meza ya pili angedhani anaomba wali wa kuongeza.

"Mkono gani?" Ramil aliuliza.

"Huo wenye kucha nyekundu."

Mkono ulikuwa wa Pinky. Pinky alikuwa amerudi Bacolod, Ufilipino, wiki ile kutoka Kanada, alikokuwa akitunza wazee wa watu, na marafiki walimleta kwenye vibanda vya kuku wa kuchoma ili ulimi wake ukumbuke nyumbani. Jambo jema. Ila Pinky aliwahi kuwa mpenzi wa Ramil enzi za sekondari, mji mzima unajua, na sasa alikuwa ameketi kushoto kwake akimgusagusa kama mtu anayechagua embe sokoni.

"Inday, yeye ndivyo alivyo," Ramil alinong'ona, akimwita kwa jina la kubembeleza la kwao. "Anamshika kila mtu. Hata Boyet kamshika."

"Boyet si wangu."

Boyet, binamu yake Ramil, alikuwa ng'ambo ya meza na mafuta ya kuku mpaka kidevuni. Kando yake aliketi Gemma, shoga wa Jovelyn tangu chuo cha uuguzi, mpole, mtu wa kucheka baada ya wengine kumaliza. Moshi wa makaa uliwapitia, harufu ya mchaichai na tangawizi ikawa imewaganda nguoni.

"Mimi nasema ukweli," Pinky alipaza sauti. "Chakula chetu kina rangi moja. Kahawia! Nyama kahawia, kuku kahawia, mchuzi kahawia. Kule nilimpeleka Mkanada mmoja kwenye mgahawa wetu, akaniuliza vyakula vingine viko wapi. Vyote kaona ni kimoja!"

"Ukamjibu nini?" Boyet aliuliza.

"Nikamwambia onja kwanza."

"Akaonja?"

"Akalamba sahani! Lakini rangi ni kahawia, msinibishie."

"Umeenda Kanada kutafuta rangi?" Boyet alimcheka. "Supu ya mama yangu ile ya kuchachusha, ukiinywa unamwona bibi yako aliyekufa. Kuna rangi inafanya hivyo?"

"Mama yako anatia chumvi kama anakausha samaki," Ramil alidakia. "Supu ni ya mama yangu."

"Hapa tu ndipo tunapokosana! Jumapili Jovelyn ataamua. Si ndiyo, shemeji? Tunapanda kwenu na masufuria yote."

Jovelyn alihisi moyo wake unatulia kidogo. Jumapili wazazi wa Ramil walikuwa waende kwao na vyakula, wakae na wazazi wake, wamwombe rasmi na kupanga siku ya harusi. Baba yake alikuwa amepaka ukuta rangi mpya. Mama yake alikuwa na nguruwe aliyenenepa mpaka anachoka kusimama. Gemma ndiye angemsaidia kupokea wageni.

"Jumapili!" Pinky alipiga kofi. "Ramil wangu anaoa! Mie nimechelewa, jamani."

Ramil wangu. Jovelyn alitoa simu, akaandika chini ya meza.

"Gem umemsikia huyu? Ati Ramil WANGU. Namwaga siki kichwani mwake sasa hivi."

Simu ya Gemma ikatetemeka. Gemma alisoma, akajibu haraka.

"Tulia dada. Mimi namwangalia kwa niaba yako. Kula."

Jovelyn alimkonyeza shoga yake kwa shukrani. Ndivyo alivyo mwanadamu mwenye wivu, anafunga madirisha yote na mlango ameuacha wazi.

Mezani palikuwa na chupa ya siki yenye pilipili na tangawizi ndani, sosi ya soya, na sahani ya ndimu ndogondogo. Pale kila mtu hujichanganyia kisahani chake, na mpishi hakasiriki. Ukimwona mtu anamchanganyia mwingine, basi huyo ni mama yake, au wamelala kitanda kimoja miaka.

Pinky akavuta kisahani.

"Ngoja nikuchanganyie, Ramil."

"Ana mikono," Jovelyn alisema.

"Dakika moja tu, mwenzangu. Enzi zetu nilikuwa najua ulimi wake huyu."

Akamimina sosi ya soya kwa mkono mrefu, akakamua ndimu, akamsukumia. Ramil alichovya kuku, akatia mdomoni, akakunja uso mpaka machozi yakamtoka.

"Pinky! Unataka kuniua?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Jovelyn alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeshinda kesi. Hajui kitu huyu! Hajui hata kwamba Ramil hapendi chumvi! Moyo wake ukawa mweupe ghafla, akajiona mjinga kwa kuteseka jioni nzima.

Ramil naye alikuwa bado anacheka, anajifuta machozi kwa kiwiko huku akimgeukia Boyet wamalizie ule ubishi wa supu za mama zao. Mikono yake ikaendelea na kazi yenyewe. Ilivuta kisahani kingine, ikatia siki bila sosi, ikapasua pilipili mbili na kutoa mbegu kwa kucha, kisha ikachota sukari kidogo kwenye kopo la sukari ya kahawa na kukoroga kwa kidole.

Ramil akakisukuma kile kisahani, kikapita mbele ya Jovelyn, kikasimama mbele ya Gemma.

Gemma hakutazama. Hakusema asante. Alichovya kuku wake, akala, akaendelea kumsikiliza Boyet.

Kilichomshtua Jovelyn ni ile asante iliyokosekana. Mtu akikupa kitu cha kwanza katika maisha yako unamshukuru. Cha mia moja unapokea tu.

"Sukari?" Jovelyn aliuliza. "Gemma, tangu lini unakula siki na sukari?"

Majibu yalitoka kwa pamoja.

"Nilimwambia zamani," Gemma alisema.

"Nimebahatisha tu," Ramil alisema.

Boyet akaacha kutafuna.

"Mmoja aseme, basi," Jovelyn alisema. "Msigombanie."

"Inday, ni kisahani tu..."

"Sosi ya soya inamwasha, hilo najua. Sukari sikuijua mimi, na nimekaa naye chumba kimoja chuoni. Wewe umejulia wapi, Ramil? Mimi mpaka jana unaniuliza kama natia pilipili."

"Utavunja uchumba kwa ajili ya kisahani?"

"Sijasema navunja uchumba. Umelisema wewe."

Pinky alitoa mkono wake begani kwa Ramil polepole, kama aliyegundua ameshika sufuria ya moto.

"Gem," Jovelyn aliita. "Niangalie. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?" Ramil alidakia.

"Sikukuuliza wewe."

Gemma alikuwa ameinamia sahani. Chozi lilidondokea kwenye wali.

"Tangu sikukuu ya vinyago," alisema.

Oktoba! Mji mzima ulikuwa barabarani na vinyago vya kutabasamu, na Jovelyn alikuwa zamu ya usiku hospitali. Ni yeye mwenyewe aliyemwandikia Gemma kwamba aende na Ramil wakacheze, asikae peke yake akaboreka. Alimkabidhi fisi bucha kwa mkono wake na ujumbe juu. Alitamani kupiga kelele. Alitamani kupindua meza na makaa yake.

"Dada, sikutaka..."

"Usiniite dada."

"Ilitokea tu," Ramil alisema. "Nilikuwa nimekusudia kuiacha kabla ya Jumapili. Haki ya Mungu, Inday, nakupenda wewe."

Gemma aliinua uso. "Kumbe? Mimi uliniambia utawaambia wazazi wako Jumamosi."

"We Ramil!" Boyet alisema. "Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Ngojeni kwanza," Pinky alisema. "Kwa hiyo mimi nimekodolewa macho jioni nzima bure?"

Hakuna aliyecheka. Katikati ya meza palikuwa pamebaki kijiti kimoja cha vimkia vya kuku, vimekauka mafuta. Mezani kwao cha mwisho hakiliwi. Kila mtu humwambia mwenzake chukua wewe, na kila mtu huona haya, mpaka kinapoa.

Jovelyn alikichukua kile kijiti. Akanyoosha mkono, akakiweka kwenye sahani ya Gemma.

"Chukua," alisema. "Usione haya. Vingine vyote umeshachukua."

Akavua pete ya uchumba, akaidondosha ndani ya kisahani cha siki, akanyanyua mkoba wake, akaondoka.

Ramil alimfuata mpaka kwenye majiko. "Inday! Inday, nisikilize!"

"Rudi kwenye meza, kuku anapoa."

Aliyemfikia barabarani alikuwa Pinky, viatu mkononi, anahema.

"Sikujui sana," Pinky alisema, "na najua unanichukia."

"Nilikuwa nakuchukia mpaka saa hii."

"Basi twende nikununulie ile barafu yetu ya maziwa na maharage matamu, ulie ukiwa unakula kitu cha baridi. Hiyo walau ina rangi nyingi."

Jovelyn alicheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Pinky alimshika bega kwa zile kucha nyekundu, naye akaacha ashikwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, ingawa kupona kwenyewe kunauma.

Alipotulia alimpigia mama yake.

"Mama, Jumapili hawaji."

"Hawaji vipi? Nimeshaazima sahani za jirani! Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ramil ana mtu."

"Nani?"

"Gemma."

"Gemma huyu huyu? Gemma aliyelala kwangu Krismasi?"

"Huyo huyo."

Kisha mama yake akasema, "Na baba yako amepaka ukuta mzima kwa ajili ya mtu wa namna hiyo! Nguruwe je?"

"Tutamla sisi, Mama."

Na Jumapili walimla. Majirani walikuja, na shangazi wote. Pinky alikuja na chupa mbili za siki na maoni yake kuhusu rangi ya chakula, na mama yake Jovelyn akabishana naye mchana kutwa kwa furaha. Simu ya Jovelyn ilitetemeka mezani.

"Nisamehe. Siwezi kula wala kulala. Ramil hapokei simu zangu. G."

Jovelyn aliusoma mara moja. Yule aliyekuwa akimwangalia mtu wake kwa niaba yake sasa anamtafuta mwenyewe. Alidhani angefurahi. Hakufurahi, aliumia tu mahali palepale, akaizima simu.

Kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha ngozi ya nguruwe, kimekauka vizuri, kinang'aa.

"Chukua, shangazi," mtu alisema.

"Hapana, chukua wewe."

"Mpe mgeni."

"Mgeni ameshiba!" Pinky alisema, akavuta kisahani na kumtazama Jovelyn. "Pilipili unatia?"

"Tia. Na mbegu zake."

Jovelyn akanyoosha mkono mbele ya shangazi zake wote, akakichukua kipande cha mwisho, akakichovya na kukila chote.