Bango la Asante

Kila asubuhi, kabla ya kushona chochote, Fundi hupangusa cherehani yake. Vumbi la kiwanda cha saruji huingia kupitia chini ya mlango. Hutanda mezani, kwenye nyuzi, kwenye nguo za wateja. Mwenye gauni jeusi akichelewa kuja kulichukua, hulikuta la kijivu. Naye humgombeza Fundi, si kiwanda.

Nguo hufuliwa. Kifua hakifuliwi. Binti mdogo wa Fundi ana pumu. Zahanati ya mtaa ilikuwa na chumba chenye mashine ya kuvutia dawa, lakini paa lilibomoka wakati wa mvua na chumba kikafungwa. Tangu hapo mtoto akibanwa, mama humkimbiza hospitali iliyo ng'ambo ya mji. Mara ya mwisho walifika midomo ya mtoto imebadilika rangi. Muuguzi akamwambia mama asichelewe tena. Kana kwamba alisimama njiani kuchagua nyanya!

Wakazi walikwenda kiwandani kuomba paa. Waliomba kwa adabu, kama watu wanaoomba moto kwa jirani. Wakaambiwa watafikiriwa. Baadaye kiwanda kikaleta gari la kunyunyizia maji barabarani, ubavuni limeandikwa ZAWADI KWA JAMII. Aliyepewa kuliendesha ni mume wa Fundi, ambaye mtaani wanamwita Dereva tu.

Kwa ajili ya uzinduzi, mwenyekiti wa mtaa alimwomba Fundi ashone bango. Alishona bila malipo, tena kwa moyo wote. Kitambaa cheupe kizito, herufi za bluu, kila pindo limenyooka: TUNASHUKURU KWA HISANI YENU. Wakubwa wa kiwanda wakapiga picha mbele yake. Meno yote nje. Paa la zahanati likabaki chini.

Jumamosi moja wifi yake Fundi alikuja kupimwa gauni. Huyu ni dada wa Dereva, na kazi yake ni ukaguzi wa kodi. Mawifi hawa hawaachi kutaniana. Wifi aliuliza kama kiuno alichopimiwa ni chake au cha gunia. Fundi akamjibu kwamba utepe haujawahi kusema uongo, waongo ni wenye viuno. Walikuwa bado wanacheka wifi alipoiona picha ya bango ukutani. Akaacha kucheka.

“Wifi, hisani ni nini?”

“Ni kupewa kitu ambacho hukuwa na haki nacho.”

“Basi hapo umeshona uongo.”

Akavuta kigoda, akaeleza. Sheria ya nchi yao inazitaka kampuni zenye faida kubwa zitenge sehemu ya faida hiyo kila mwaka kwa ajili ya jamii. Si ombi. Ni lazima, kama kodi ilivyo lazima. Na kabla ya kuchagua mradi, kampuni hutakiwa kuwasikiliza watu wanaoishi pale. Mwaka ukiisha fedha hazijatumika, hazirudi mfukoni mwa kampuni. Huwekwa kwenye akaunti maalumu mpaka zitumike kwa jamii.

Fundi akasema labda lile gari ndilo sehemu yao. Vumbi limepungua kidogo, hilo hawezi kulikataa.

“Vumbi ni la nani?” wifi akauliza.

“La kiwanda.”

“Mtu akimwaga takataka sebuleni kwako, kisha akakuletea ufagio, utamshonea bango?”

Fundi akalikunja pindo la gauni mpaka likajikunyata. 

Wifi akaendelea polepole. Sheria ya mazingira tayari inakilazimisha kiwanda kutuliza vumbi lake. Kile ambacho kampuni inalazimishwa kufanya na sheria nyingine hakihesabiwi kuwa mchango kwa jamii. Matangazo ya biashara hayahesabiwi. Huduma za wafanyakazi wake peke yao hazihesabiwi. Halafu kuna kodi. Dizeli, matairi na mshahara wa dereva ni gharama za biashara, na kampuni huzitoa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Fedha za jamii, kwa sheria ya kwao, hazipunguzi kodi hata kidogo. Hutoka kwenye faida yenyewe. Kwa hiyo kitu kimoja hakiwezi kuandikwa pande zote mbili.

“Na wakikiandika pande zote mbili?”

“Wamekula huku na huku.”

“Yaani gari moja limekula kodi, likala na paa la mwanangu.”

Wifi akamzuia. Yeye hajui kama hawa wamefanya hivyo, na hata angejua asingesema, maana siri ya ofisi ni siri. Isitoshe, kaka yake ameajiriwa pale, hivyo haruhusiwi kukikagua kiwanda kile. “Lakini sheria si siri,” alisema. “Taarifa yao ya mwaka ni haki ya yeyote kuiomba. Mkiona kasoro, nendeni kwa msajili wa makampuni na kwa ofisi ya kodi.”

Dereva aliporudi na kuambiwa, alikasirika. Alisema kazi hazipatikani, na mke asiuchezee mkate wao. Hospitali italipiwa na nani?

“Hospitali ipi?” Fundi alimuuliza. “Ile tunayofika mtoto amebadilika rangi?”

Dereva akatoka, akaubamiza mlango.

Wakazi waliiomba taarifa, wakaipata. Kweli, gari lilikuwa ndilo mchango wote wa mwaka. Chini yake iliwekwa picha ya bango, kuthibitisha kwamba jamii iliridhia. Fundi aliitazama picha ile mara mbili. Wamemwibia haki yake, kisha wakamfanya shahidi wao, kwa uzi wake mwenyewe.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Meneja wa kiwanda akaja, shati limenyooka, sauti laini. Alisema anashangaa kusikia lawama wakati jamii yenyewe ilishukuru.

Fundi akasimama. “Bango nimeshona mimi,” alisema. “Nilidhani tumeomba tukapewa. Kumbe ni haki yetu, na ninyi mlijua, mkanyamaza. Shukrani ya mtu aliyefichwa ukweli si ridhaa.”

Meneja akatabasamu. Akasema gari lililetwa kwa mapenzi tu, hakuna aliyewalazimisha.

Nyuma ya ukumbi mkono ukanyanyuka. Alikuwa Dereva, bado amevaa ovaroli ya kiwanda.

“Mimi ndiye ninayeliendesha. Nilipopewa funguo niliambiwa nisikose hata siku moja, kwa sababu wakaguzi wa mazingira walishatishia kufunga kiwanda. Hayo mapenzi mimi sikuyasikia.”

Meneja akatafuta chupa yake ya maji. Fundi alimtazama mumewe, na hasira ya nyumbani ikamtoka.

Malalamiko yalipelekwa. Uchunguzi ulijikokota kuliko subira ya watu. Dereva aliondolewa kwenye gari, akawekwa kuosha malori, mpaka chama cha wafanyakazi kilipoingilia akarudishwa. Mwishowe msajili aliamua: gari ni gharama ya biashara, libaki kwenye hesabu hiyo, lisihesabiwe kuwa mchango. Mchango utolewe upya, na safari hii wakazi wasikilizwe kwanza. Wakazi walisema neno moja, paa.

Sasa chumba kimefunguliwa. Wiki iliyopita mtoto alibanwa wakati wa chai. Fundi alivuka naye barabara tu, akaiacha nguo kwenye cherehani. Waliporudi, chai ilikuwa bado ya moto. Gari la maji linapita kama kawaida, na maneno ya ubavuni yamefunikwa kwa rangi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kumwomba Fundi lile bango, ili wakubwa wa kiwanda wakija kukabidhi chumba rasmi walikute limetundikwa. Fundi alimpeleka zahanati, akamwonyesha pazia jeupe zito kando ya kitanda. Alikuwa amezifumua herufi zote kwa wembe. Ukilitazama karibu, matundu ya sindano bado yanaonekana.

Mwenyekiti alisikitika. Akasema si vizuri wageni waje, watoe, waondoke hivihivi.

“Mwenyekiti,” Fundi akamuuliza, “wewe ukilipa kodi, nani amewahi kukushonea bango?”