Jina Refu Kuliko Mashine

Asubuhi ile, nyumbani kwa Papa Kyungu hakuna aliyeketi. Mke wake, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa amepata diplome ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari! Majirani walikuwa wamekwisha kummwagia poda nyeupe kichwani kwa kumpongeza. Saa nne wangemsindikiza kwa nyimbo mpaka sokoni.

Papa Kyungu alitaka banderole, ile karatasi ndefu inayobebwa mbele ya watu. Tena alitaka iwe na jina lote na neno la pongezi, proficiat. Sokoni, kwa miaka kumi na sita, mke wake aliitwa Mama Rachelle tu, kwa jina la binti yao. Jina lake mwenyewe halikujulikana.

"Leo watalisoma!" alisema. "Adrienne Kalenga, proficiat! Herufi hata moja isipungue."

Sasa, Papa Kyungu ni fundi wa nguo, na fundi huunga kitambaa kwanza, kisha hukipamba. Basi akagundisha karatasi tisa, zikawa mkanda wa mita mbili na nusu. Rachelle akaingiza ncha yake katika mashine ndogo ya kuchapisha, ile ambayo mjomba wake aliileta kutoka Kigoma. Mashine ikanguruma. Watu uani wakapiga vigelegele.

ADRIENN...

Hapo ikasimama. Taa nyekundu ikawaka. Mkanda ulikuwa umejikunja ndani.

"Imekula E!" Papa Kyungu alishika kichwa. "Na Kalenga yote! Rachelle, mama yako atapita mbele ya watu na nusu ya jina?"

Alikaribia kulia, mtu mzima yule, wala simcheki.

Rachelle akakimbia kumwita Mama Camille, jirani ambaye kazi yake ni kuchapishia watu barua. Mama Camille alizima mashine kwanza, akaitoa karatasi polepole. Kisha akauliza:

"Rachelle, uliweka urefu gani wa karatasi?"

"Niliandika santimetre mia mbili makumi tano, Mama. Ikajibadilisha yenyewe, ikaweka makumi sita na saba. Mimi nikakubali tu."

"Basi ilikuambia, hukuisikiliza! Kila mashine iko na mupaka wake wa urefu. Hii yenu inaishia makumi sita na saba. Ya muntu mwingine inaweza kuishia mbali, ao karibu. Uangalie mupaka kwanza, njo uchapishe."

"Sasa tutafanya nini, Mama Camille? Saa tatu imepita!" alisema Papa Kyungu.

"Papa, karatasi haiko kitambaa. Unachapisha kwanza, kisha unaunga. Karatasi ya kugundishwa inanasa ndani ya mashine."

Wakarudi kwenye karatasi za kawaida, wakapanga herufi tatu kwa kila karatasi. ADR. IEN. NE! Kila moja ilipotoka, Rachelle aliita herufi kwa sauti, na watu uani wakaitikia. Wakaacha wino ukauke. Mashine huacha ukingo mweupe, basi Papa Kyungu aliukata kwa mkasi wake wa kazi. Akapandisha karatasi kidogo juu ya nyingine, akagundisha. Fundi ni fundi: mstari ulinyooka kabisa. Rachelle naye akaandika "santimetre 67" kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya mashine.

Saa nne na robo banderole iliingia sokoni. Nyimbo, filimbi, poda! Wauza ndagala waliacha meza zao. Mama Mwanvua, aliyeuza kando ya Mama Rachelle kwa miaka kumi, hakujua kusoma. Akamvuta mkono mwenzake huyo.

"Wameandika nini pale?"

"Adrienne Kalenga, proficiat."

"Adrienne Kalenga njo nani? Si leo tunakushangilia wewe, Mama Rachelle?"

Mwenzake akapangusa poda machoni, akacheka, machozi yakimtoka.

"Njo mimi," alisema. "Adrienne Kalenga njo mimi."