Fundi Sebit Anunua Kinanda

Sebit ni fundi wa jenereta. Anakaa New Site, Juba, na binti yake Emma. Zamani familia hii iliishi Uganda miaka mingi, katika mji wa Arua. Kiswahili walikileta kutoka huko pamoja na magodoro. Kila asubuhi Sebit hunywa chai, hubeba boksi lake la spana, na kwenda Kator. Huko maduka yana jenereta nyingi, na zote zinakohoa. Jioni hurudi na oili mpaka kwenye nyusi. Huoga, hukaa kwenye kiti cha plastiki, na kungoja asida, ugali wa huku.

Zamani asida ilisongwa na mke wake, Lilly. Lilly alifariki mwezi wa tano. Siku hizi anasonga Emma, na nyumba iko kimya.

Lilly alikuwa na wimbo wake. Haukuwa wa kanisani wala wa redioni. Haukuwa na maneno. Aliuimba mdomo ukiwa umefungwa, kila jioni, akisonga asida. Asida ikiiva, wimbo unakatika. Sebit aliusikia kwa miaka ishirini na tatu, na hata siku moja hakuusikiliza. Nani husikiliza kitu kinachorudi kila jioni?

Siku moja, mwezi wa nane, Sebit alikuwa amelala chini ya jenereta ya kinyozi. Akajaribu kuukumbuka ule wimbo. Mwanzo ulikuja. Katikati ilikuja nusu. Mwisho haukuja. Akabaki pale chini na spana mkononi, hadi kinyozi akauliza kama amesinzia.

Sebit aliogopa. Simu yenye sauti ya Lilly iliibwa sokoni. Wimbo ulikuwa umebaki ndani ya kichwa chake tu, na kichwa hicho kilikuwa kinavuja.

Kuimba mwenyewe hakutaka. Anaijua sauti yake. Akianza kuimba kanisani, watu wa mbele hugeuka kuangalia ni nini kimeanguka. Lakini kinanda hakina koo baya. Akaamua kununua kinanda, autafute wimbo humo kabla haujapotea wote.

Alikwenda soko la Konyokonyo peke yake. Yeye ni fundi, na fundi haulizi. Muuzaji alimwonyesha kinanda chenye taa nyekundu, bluu na kijani. Alisema kina sauti mia mbili, kinapiga ngoma chenyewe, na kinaweza hata kubweka. Sebit hakujaribu kitu kingine. Alibonyeza sauti ya mbwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalipa karibu akiba yake yote.

Nyumbani aliona taabu. Vitufe vile vyeupe na vyeusi vilikuwa vyembamba, vya kuchezea watoto. Vidole vya Sebit ni vya kufungulia nati. Akibonyeza kitufe kimoja, vinalia viwili. Tena ndani ya boksi hamkuwa na adapta ya umeme. Hilo halikumsumbua. Alikata waya, akaunganisha kinanda moja kwa moja na betri ya sola. Umeme ni umeme, alimwambia Emma.

Taa zote ziliwaka. Kinanda kikatoa mlio mmoja mrefu. Halafu kikatoa moshi.

Emma alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

"Baba, mama ana miezi mitatu tu kaburini," alisema. "Watu bado wanakuja kutupa pole. Wewe unaleta disko."

Sebit angeweza kumweleza. Hakumweleza. Alishindwa kumwambia binti yake kwamba anaanza kumsahau mama yake. Alikisukuma kinanda chini ya kitanda, akakaa.

Wiki ile hakula vizuri. Kila asubuhi aliutafuta wimbo, kama mtu anayepapasa mfuko wake. Kila asubuhi kipande kingine kilikuwa hakipo. Aliona Lilly anakufa mara ya pili, polepole, na safari hii anayemwacha aende ni yeye mwenyewe.

Jirani yao anaitwa Eseza, mama yake Owen. Ni Mganda. Ana kibanda cha kuchaji simu, na Jumapili hupiga kinanda katika kanisa dogo la Mangateen. Sebit alimpelekea mzigo wake, akauliza kama utapona. Eseza aliunusa.

"Baba Emma," alisema, "hii umepika."

Alikigeuza kinanda, akamwonyesha maandishi madogo chini yake. Palikuwa pameandikwa volti tisa. Betri ya sola ina kumi na mbili, na jua likiwaka inapita kumi na nne. Pembeni palikuwa na mchoro mdogo. Ulionyesha kama chanya iko katikati ya tundu la waya au iko nje. Eseza alieleza kwamba adapta lazima ifanane na kinanda kwa volti na kwa mchoro huo. Ukibadilisha kimoja, unaua kinanda.

"Wewe fundi mzima," aliendelea. "Jenereta ya petroli, wewe naweka dizeli?"

Eseza akamuuliza Sebit anataka kinanda cha nini, naye ana msiba. Sebit aliziangalia simu za watu zikichaji. Akamweleza habari za wimbo, bila kuinua macho. Eseza akaacha utani.

Alichukua simu yake, akafungua sehemu ya kurekodi. Alisema kinanda kitafuata. Kwanza Sebit aimbe kile alichobaki nacho, sasa hivi. Sebit alikataa. Alisema sauti yake ni mbaya.

"Sauti mbaya si dhambi," alisema Eseza. "Imba kabla hii pia haijapotea."

Sebit aliimba mdomo ukiwa umefungwa. Sauti ilikwama mara mbili, na mara ya pili haikuwa kwa sababu ya koo. Ulitoka mwanzo, na kipande cha katikati. Ni kidogo, lakini kilikuwa kimeshikwa ndani ya simu.

Jumamosi walikwenda sokoni pamoja. Sebit alikuwa ameuza jenereta ndogo aliyoifufua mwenyewe. Eseza hakuangalia taa wala wingi wa sauti. Alisema anayeanza hutumia sauti moja tu, ile ya piano. Alitaka vitufe vipana vya saizi ya kawaida, na visipungue sitini na kimoja, ili mikono miwili ipate nafasi. Alibonyeza polepole, halafu kwa nguvu, kusikia kama sauti inafuata mkono. Alitafuta tundu la waya wa masikioni. Kisha akabonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akachoka, akakaa chini.

Kinanda cha kwanza kilikuwa kipya na kizuri, lakini kitufe kimoja cha katikati hakikulia. Wakakiacha. Cha pili kilikuwa kikuukuu, kimekwaruzwa, na hakikubweka. Vitufe vyote vililia. Adapta yake ilikuwepo, na maandishi yalifanana. Bei ilikuwa nusu ya bei ya kile kilichoungua.

"Cha zamani kinachofanya kazi ndio cha bei rahisi," Eseza alimwambia. "Kile cha kwanza ulinunua taa."

Alimfundisha mambo machache, mengine akamwachia ayatafute mwenyewe. Vitufe vyeusi vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Kitufe cheupe kilicho kushoto kwa vile viwili ndicho do. Sebit alijua do, re, mi kutoka kwaya ya kanisani, ile iliyomwomba kwa upole akae na wasikilizaji. Dole gumba ni kidole cha kwanza, kidole kidogo ni cha tano. Aanze na mkono wa kulia peke yake. Achukue kipande kifupi cha wimbo, atafute sauti ya kwanza, halafu ajiulize kama sauti inayofuata inapanda au inashuka. Apige polepole sana, bila kukosea, kabla ya kuongeza mwendo. Dakika ishirini kila siku zinatosha, na zinashinda saa tatu za Jumapili.

Sebit alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, waya ukiwa masikioni, kwa heshima ya msiba. Emma alisikia vitufe tu, tak, tak, kama kuku anadonoa bati. Alimwekea chai na kutoka.

Siku za kwanza vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Wiki ya pili vilianza kutii. Wiki ya nne mwanzo ulitoka, na kipande kimoja kikavuta kingine hadi katikati ikatoka yote. Lakini mwisho haukutoka. Sebit alijaribu kupanda, akajaribu kushuka. Alijaribu kila kitufe. Kila alichokipata kilikuwa si cha Lilly. Siku tatu alikaa mbele ya kinanda, mikono imelala mapajani. Alimwambia Eseza kwamba amechelewa. Sehemu ile imekwenda, hairudi.

"Vidole naweza kufundisha," Eseza alisema. "Wimbo ya nyumba yenu mimi sijui. Nani mwingine alisikia?"

Sebit alisema hakuna. Kisha akageuka kuangalia nyumbani kwake, maana haikuwa kweli.

Jumapili alasiri Emma alikuwa anaosha sahani uani. Sebit alichomoa waya wa masikioni. Akapiga.

Sahani zikaacha kulia.

Alipofika pale anapokwama, aligeuka. Emma alikuwa mlangoni, mikono inadondosha maji.

"Ulikuwa unatafuta huu," Emma alisema.

"Nimepoteza mwisho wake. Nisamehe. Kila jioni nilikuwepo, na nimepoteza."

"Hukupoteza, Baba. Hukuwahi kuusikia." Emma alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mama akisonga asida alikatia hapo, kwa sababu imeiva. Mimi alikuwa ananisuka Jumamosi, wewe uko Kator. Nywele zinachukua mchana mzima."

Emma akaimba. Wimbo ulishuka, ukazunguka, ukashuka tena, kwa njia ambayo Sebit hakuwahi kuisikia maishani mwake. Aliweka kichwa juu ya kinanda na kulia, na vitufe vyote vilivyo chini ya paji lake vikalia pamoja naye. Emma alimwinua, akapangusa kinanda kwa kanga.

Tangu siku hiyo Emma huimba kipande kifupi, na Sebit hukitafuta. Amemaliza wimbo wote kwa mkono wa kulia, na ameanza wa kushoto. Wageni wanaokuja kutoa pole huombwa kukaa na kusikiliza. Kuna sehemu karibu na mwisho ambapo sauti moja haikai sawa. Eseza alitaka kuirekebisha.

Emma alikataa. Alisema hapo mama mwenyewe alikuwa anakosea, kila Jumamosi. Sebit akajifunza wimbo pamoja na kosa lake.