Mita Iliyosema Hamsini

Habari hii alinisimulia fundi wa umeme aliyekuja kwangu msimu wa mvua uliopita kutengeneza taa ya jikoni. Ni mwanamke, na mkono wake ni mwepesi. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kazi, akashuka kwenye stuli, akaomba maji ya kunywa, akaketi. Aliyonieleza nayaandika kama nilivyoyashika, wajukuu zangu, nanyi muwasomee wenzenu.

Wakati huo alikuwa darasa la sita, na watu walimwita Tochi. Jina alipewa na mjomba wake, fundi umeme, kwa sababu kila Jumamosi alifuatana naye kazini kumshikia tochi. Alijua kumulika panapotakiwa bila kuambiwa. Mjomba alisema hiyo ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kufunga mdomo, "na hiyo, mpwa wangu, bado hujaigusa."

Baba yake Tochi naye alikuwa fundi. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Kazi kubwa aliyoiacha ilikuwa paneli ya umeme kwenye nyumba ya pampu, pampu inayopandisha maji katika tangi la mtaa na la zahanati. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha matofali, sakafu ina unyevu, mota iko katikati, na ukutani kuna sanduku la chuma la kijivu. Ukilifungua sanduku lile ulikuta nyaya zimelazwa sambamba kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Mama yake Tochi ndiye aliyekuwa mtunza pampu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aliupangusa mlango wa sanduku kwa kitambaa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi, mita ya zamani ya mshale, iliyopima umeme wa mota sandukuni mle, ilikufa, na Jumamosi moja mjomba akaja na mita mpya ya kidijitali, ndogo, yenye kioo cha namba nyekundu na vitufe vinne. Alizima umeme, akaitoa ile ya mshale na kuitupa kwenye gunia la vyuma chakavu, akafunga mpya mahali pake.

"Sasa haijui kitu," alisema. "Ni kama mtoto mchanga. Sisi ndio tutakaoifundisha."

Alibonyeza kitufe na kukishikilia mpaka mita ikadai namba ya siri. Iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa sifuri nne. Kisha ikauliza kuhusu pete ya kupimia.

"Nimulikie pete."

Tochi akamulika. Pete ile nyeusi ilikuwa ndani kabisa ya sanduku, imevishwa kwenye waya mnene unaokwenda kwenye mota, na juu yake pameandikwa mia kwa tano. Mjomba alimweleza kwamba umeme mwingi ukipita kwenye waya, pete hutoa umeme mdogo unaolingana nao, mita ikausoma huo mdogo na kuuzidisha. Ndiyo maana lazima iambiwe pete ni ya ngapi. Akaingiza mia. Mwisho akaweka kikomo. Kibao cha mota kilisema ampea ishirini na nane, naye akaweka thelathini.

"Ikipita hapo, mita ikate yenyewe, kabla mota haijaungua. Haya dada, washa."

Mama akabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikanguruma, namba zikapanda, zikatulia kwenye hamsini. Baada ya pumzi chache, tak, mota ikanyamaza.

Wakajaribu tena. Hamsini, tak, kimya.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Hamsini? Na kibao kinasema ishirini na nane? Ina maana mota hii imekuwa ikila umeme mara mbili miaka yote hii." Akashusha sauti. "Marehemu alikuwa mwenzetu, Mungu amrehemu. Lakini hapa alituachia kidonda."

Mama aliinamia sakafu kana kwamba ameangusha kitu.

"Tusiseme kabla hatujajua," mjomba akajibu. "Mita yangu ya kubana nimemwazima fundi mwenzangu, keshokutwa inarudi. Ile unaibana kwenye waya wenyewe, haina habari na pete. Ndipo tutajua."

"Na maji je? Zahanati kuna wazazi. Pandisha hicho kikomo, weka sitini, tuendelee."

"Mwenyekiti, mlinzi akipiga kelele, humzibi mdomo ukarudi kulala. Tangi lina maji ya kutufikisha Jumatatu."

Neno la mwenyekiti halikubaki mlangoni pale. Jumapili asubuhi Tochi alipofika bombani na ndoo, lilikuwa limeshatangulia. Mtoto wa mwenyekiti, waliyesoma naye darasa moja, alimngoja afike karibu.

"Eti Tochi, baba yako alifunga mota au alifunga jiko?"

Wenzake wakacheka. Mama mmoja mtu mzima akawakemea, kisha yeye mwenyewe akamnong'oneza jirani yake, "Lakini lisemwalo lipo." Hilo ndilo lililomchoma Tochi. Vicheko vya watoto alivizoea. Aliondoka na ndoo nusu.

Nyumbani mama hakuwepo, alikwenda zahanati kuwaomba wauguzi watumie maji kwa uangalifu. Ufunguo wa nyumba ya pampu ulining'inia ukutani. Tochi aliutazama, akautazama tena, akauchukua, akaenda.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, maana alikwisha kuiona ikifanywa. Akashikilia kitufe. Sifuri nne. Akaupita ukurasa wa pete, akafika kwenye kikomo. Thelathini akaifanya sitini. Bado alikuwa akisikia ule mnong'ono wa bombani. Akabonyeza cha kijani. Mota ikanguruma, namba zikasimama kwenye hamsini, akahesabu pumzi zake. Haikukata.

Mama alikuja mbiombio, ameisikia tangu njiani. "Nani amewasha?"

"Mimi, mama. Nilijaribu tu, imekubali."

"Mbona bado inasema hamsini?"

"Itashuka. Mita mpya inazoea kwanza."

Uongo wa kwanza ukazaa wa pili papo hapo. Mama aliweka kiganja kwenye mlango wa sanduku, akatabasamu, na tabasamu lile Tochi hakuwa ameliona tangu msiba. Jioni mwenyekiti naye alipita bombani, akaona maji yanatoka kwa nguvu, akawaambia watu kwamba huenda alisema haraka. Tochi alipata kila alichokitaka. Ajabu ni kwamba usiku ule chakula alikisukuma kando.

Jumatatu darasani, mwalimu alimuuliza swali la hesabu za sehemu, akajibu jambo jingine kabisa. Dirisha lilikuwa wazi na mngurumo wa pampu ulifika mpaka dawatini kwake. Kila uliposhuka kidogo, aliinua kichwa kusikiliza. Je, kama mwenyekiti alisema kweli? Je, kama mota inaungua sasa hivi, na yeye ndiye aliyemziba mlinzi mdomo? Jirani yao alikuwa amejifungua wiki ile ile, bado amelazwa zahanati na mtoto. Mota ikifa, kupata nyingine ni miezi. Na wakija kuifungua, watakuta imeungua katika paneli iliyofungwa na baba yake. Hapo watu hawatanong'ona tena. Watasema kwa sauti.

Kengele ya mapumziko ilipolia alikimbia moja kwa moja mpaka kibandani kwa mjomba. Alimkuta ameinamia pasi iliyofunguliwa.

"Mjomba, ni mimi niliyepandisha kikomo. Pampu inafanya kazi kwa sababu niliweka sitini."

Mjomba aliweka bisibisi chini. "Tangu lini?"

"Jana."

Hakugomba. Alichukua begi lake, akavuta mlango, wakaenda karibu wanakimbia. Kwanza walimpitia yule fundi mwenzake, mjomba akachukua mita yake ya kubana bila hata kuketi. Walipofika kwenye pampu, mama alishangaa kuwaona, lakini mjomba hakusalimia. Aliweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo.

"Vuguvugu tu," alisema polepole. "Ingekuwa inakula hamsini tangu jana, nisingeweza kuushika mwili wake."

Akafungua sanduku, akaibana ile mita yake kwenye waya. Ishirini na tano. Akainua macho kwenye mita mpya. Hamsini. Akazima mota, akakata na umeme wote.

"Mulika, Tochi. Mulika nyuma ya pete."

Tochi akamulika, mjomba akaingiza kichwa na karibu mabega yote. Waya ule mnene uliingia kwenye pete, ukatokeza upande wa pili, ukazunguka nyuma mahali ambapo jicho halifiki, ukarudi ukaingia kwenye pete mara ya pili. Umefungwa nadhifu, umebanwa usilegee. Mjomba aliugusa kwa kidole.

"Shemeji yangu," alisema, kama anayemwambia mtu aliyemo ndani ya sanduku. Kisha akageuka. "Pete hii ilikuwa kubwa mno kwa mota ndogo kama hii. Kwa hiyo baba yako akaupitisha waya mara mbili, pete ikauhisi umeme mara mbili, kipimo kikawa sahihi zaidi. Pete ya mia, ukifanya hivyo, inakuwa ya hamsini. Hata ile mita ya mshale niliyoitupa, uso wake uliishia hamsini, na mimi sikujiuliza kwa nini. Nilisoma maandishi ya pete, waya sikuutazama. Kosa ni langu, dada, siyo la marehemu."

Mama alijishika kwenye fremu ya mlango. 

Mjomba alirudisha umeme, akaingia kwenye ukurasa wa pete, akafuta mia, akaweka hamsini. Kisha akasogea pembeni. "Kikomo rudisha wewe. Ulipoharibu ndipo pa kutengeneza." Tochi akarudisha thelathini. Mama akawasha. Namba zikapanda, zikatulia ishirini na tano, na wote watatu wakasimama wakizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Namba ya siri naibadilisha," mjomba akasema. "Geukia ukutani, mpwa wangu."

Mwenyekiti alipoitwa, ni Tochi mwenyewe aliyemweleza yote, tangu ufunguo mpaka sitini, na mama yake akayasikia hapo hapo kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia.

"Mama Tochi, neno langu nililisema, likafika bombani. Nitalifuata huko huko nilirudishe."

Na jioni ile alilirudisha, mbele ya ndoo zote, na mwanawe amesimama pembeni akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

Nyumbani, vyombo vilipokwisha kuoshwa, mama alimwita Tochi kitandani kwake.

"Ufunguo hutaugusa mpaka nikupe kwa mkono wangu. Kesho utakwenda zahanati, uwaambie wauguzi kwamba uliyaweka maji yao hatarini."

"Ndiyo, mama."

"Ulitaka kumtetea baba yako."

"Ndiyo."

"Sikiliza basi. Kazi ya kweli haiogopi kufunguliwa na kuangaliwa. Kazi yake haikuogopa. Wewe ndiye uliyeogopa. Ulipoipandisha ile namba, ulikubaliana nao moyoni kwamba huenda alikosea, ukataka kufunika. Na kama kweli angekosea, ungeichoma mota kwa mkono wako, ukazidisha kosa lake badala ya kulitibu. Mtu unayempenda hatetewi kwa uongo, mwanangu. Ukiona namba usiyoipenda, usiibadilishe. Tafuta imetoka wapi."

Tochi alilia, kilio cha kimya ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka. Mama hakumnyamazisha. Alimsogezea nafasi, akamlaza kando yake, akaanza kumsimulia mambo ambayo hakuwa ameyataja tangu msiba. Jinsi baba alivyorudi siku ile ya kufunga paneli, vidole vimechubuka, akakataa kula mpaka amweleze kuhusu waya mmoja uliomsumbua. "Nami sikumsikiliza vizuri," mama alisema. "Nilikuwa na usingizi. Alisema ameuzungusha, sijui ameuzungusha wapi, akawa anacheka peke yake, halafu..."

Sauti ikafifia katikati ya sentensi. Tochi alingoja. Mama alikuwa amelala, mkono bado uko begani kwake. Akamvutia shuka mpaka kidevuni, akafuta macho, naye akalala.