Makopo ya Mstari wa Kiu

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shule mdomo ukiwa kazini. Alianza kusimulia tangu getini, akavua viatu huku akisimulia, na alipofika barazani ambapo Mama alikuwa akishona, habari ilikuwa imeshafika katikati. Ndiyo maana nyumbani walimwita Chiriku, na jina lake la shuleni wakawaachia walimu. Mama, ambaye alikuwa fundi wa nguo, aliitikia "ehee" na "kumbe" bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Baada ya kula, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyojivunia sana. Alikuwa mlinzi wa maharage.

Maharage yenyewe yalikuwa ya dada yake. Dada alikuwa amemaliza shahada ya kwanza na sasa alisomea ya pili, ile ya uzamili, katika mambo ya kilimo. Banda la mimea la chuo lilikuwa limejaa, kwa hiyo Profesa aliyemsimamia alimruhusu aanze jaribio lake nyumbani. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la plastiki lisilopitisha mvua, Dada alipanga makopo matupu ya rangi katika mistari miwili. Yote yalipandwa mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti wa mbegu. Mstari wa kwanza ulimwagiliwa maji. Mstari wa pili, baada ya kuota, haukupewa hata tone, ili ijulikane kama mbegu hiyo inavumilia ukame.

"Kazi yako ni kufukuza kuku," Dada alimwambia. "Maji niachie mimi. Mstari wa kiu usiuguse kabisa, umenisikia?"

"Nimesikia, Dada. Hata ukiniuliza usingizini nitakujibu."

Kusikia alisikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Lakini siku zilivyopita, majani ya mstari wa kiu yalilegea na kuinama, na Chiriku, aliyekaa kwenye kigoda akiyatazama kila alasiri, aliona uchungu wa kweli. Siku moja jua lilipokuwa kali mno, alikuwa na maji yaliyobaki katika chupa yake ya shule. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kidogo tu," aliyaambia maharage. "Na msimwambie mtu."

Kesho yake majani yalikuwa yamesimama. Chiriku alifurahi, akarudia siku hiyo, na siku iliyofuata akarudia tena. Hakumwagilia makopo yote. Kila siku alichagua yale aliyoyaonea huruma zaidi.

Dada alikuwa akitoka alfajiri kwenda chuoni na kurudi jioni. Jioni moja alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga yowe.

"Mama! Njoo uone! Kiu yote hii, na bado yanatoa maua!"

Mama alitoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akidhani kuna nyoka. Dada alimkumbatia Mama, akamkumbatia Chiriku, akamzungusha mpaka miguu ikaacha ardhi. Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akauona uso wa dada yake ulivyong'aa, akaufunga. Nitasema kesho, alijiambia. Jamani, kesho hiyo! Ilifika ikapita, na nyingine ikafuata, mpaka Dada akang'oa mimea yote, akapima mizizi na majani, na jaribio likaisha.

Wakati huohuo, ofisi ya chuo inayowaandaa wanafunzi kwa maisha ya kazi ilitangaza Siku ya Watafiti Chipukizi. Wanafunzi wa uzamili wangeeleza tafiti zao jukwaani mbele ya waajiri, na mkuu wa kituo cha mbegu angechagua mmoja wao aende kituoni kwa mafunzo ya kazi ya mwaka mzima. Dada aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Alikwenda kwenye warsha ya kuandika wasifu, akaenda kwenye nyingine ya kuzungumza mbele ya watu, kisha jioni akawafanyia mazoezi Mama na Chiriku, mwiko mkononi kama kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, mkulima wa sehemu kavu akipanda mbegu hii, mvua ikichelewa hatalia."

"Usitikise mguu," Mama alisema, pini zikiwa mdomoni. "Unanitikisia meza."

"Mama, kwenye warsha walisema hadhira haikatizi."

"Hadhira yao haina gauni la bibi harusi la kumaliza. Haya, endelea." Kisha Mama alitoa pini mdomoni, akatabasamu. "Mjomba wenu nimeshampigia simu. Si unakumbuka mwaka jana jua lilivyomkaushia shamba zima? Nimemwambia mbegu hii ikitoka kituoni, apande hiyo tu. Amefurahi huyo! Anataka awe wa kwanza kupewa."

Chiriku alisukuma sahani yake pembeni.

"Huyu mtoto ana nini?" Mama aliuliza. "Siku hizi nyumba imekuwa kimya hadi nasikia saa ya ukutani. Jino linakuuma?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba."

Shuleni alimweleza rafiki yake, msichana mkali waliyemwita Kipilipili. Kipilipili alisikiliza huku akichonga penseli.

"Sasa shida iko wapi?" alisema. "Matokeo ni mazuri, dada yako atapata nafasi, wewe hutapigwa. Nyamaza tu."

"Na Mjomba je? Atapanda shamba lote."

Kipilipili aliacha kuchonga.

Siku ya Watafiti Chipukizi ilipofika, Mama alivaa nguo yake nzuri, wakaenda chuoni pamoja. Ukumbini kulikuwa na viti vingi na watu waliovaa vitambulisho vifuani. Kando ya ukuta yalibandikwa mabango ya tafiti za wanafunzi. La Dada lilikuwa na picha ya mstari wa kiu, kijani kibichi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, Chiriku alisoma: "Namshukuru mdogo wangu, mlinzi mwaminifu wa mimea hii."

Alisoma neno "mwaminifu" mara ya pili, akatamani kulibandua kwa kucha. Mara mkuu wa kituo cha mbegu, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alisimama mbele ya bango, akampa Dada mkono.

"Matokeo haya yamenishangaza," alisema. "Yakithibitika, msimu ujao tunawagawia wakulima mbegu. Na huyu ndiye mlinzi?"

"Shikamoo," Chiriku alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya kazi nzuri."

Mkuu huyo alipoondoka, Chiriku alimshika Dada mkono na kumvuta mpaka nje, penye bomba la maji. Machozi yalianza kabla ya maneno.

"Dada, niliyamwagilia."

"Ulimwagilia nini?"

"Mstari wa kiu. Yalikuwa yanakufa. Nikayaonea huruma. Nikaogopa kukwambia, halafu ukafurahi, nikaogopa zaidi."

Dada alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Mzaha haukuwapo. Alikaa kwenye ukingo wa sementi, nguo yake mpya na yote, akafunika uso kwa viganja. Chiriku alitaka apigwe. Alitaka afokewe, atukanwe, chochote. Ndani, mtu alitangaza jina la Dada kwenye kipaza sauti. Aliinuka, akajifuta uso, akaenda, na Chiriku akamfuata bila kujua Dada atakwenda kusema nini.

Jukwaani Dada hakutikisa mguu.

"Mabibi na mabwana," alisema, "nilikuja na matokeo mazuri sana. Sasa hivi nimejua kwamba si ya kweli. Mimea iliyopaswa kukaa bila maji ilipewa maji. Naomba mtu yeyote asitumie matokeo haya."

Ukumbi ulinong'ona. Mama alishika kifua.

"Ni nani aliyeimwagilia?" mkuu wa kituo aliuliza.

"Jaribio ni langu," Dada alijibu. "Nilipaswa kupima unyevu wa udongo kila siku. Nilipoona majani ya kijani nilifurahi mno, sikutaka kupima."

Alishuka. Chiriku alikaa kwenye kiti chake akiona aibu ambayo hajawahi kuiona. Dada alikuwa amebeba kosa lote peke yake mbele ya umati, na yeye, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote mtaani, alikuwa ameketi. Shughuli ilipokwisha alimwambia Mama kila kitu, kisha akaenda mwenyewe kwa Profesa, mzee mnene aliyekuwa akikusanya karatasi zake.

"Ni mimi, Profesa. Dada hakujua."

"Ulimwagilia makopo gani?"

"Yale niliyoyaonea huruma zaidi."

Profesa nusura acheke, akajizuia. "Basi hatuwezi kuokoa hata kopo moja. Nafasi ya mafunzo amepewa mwanafunzi mwingine, na ni haki yake. Lakini kona moja ya banda la chuo imepatikana leo. Dada yako ataanza upya humo, na safari hii atapima udongo. Mkuu wa kituo amesema mwakani atakuja kumsikiliza tena. Anasema mtu anayekataa matokeo yake mwenyewe mbele ya watu, huyo anaweza kufanya naye kazi."

Walirudi nyumbani. Mama alivua viatu, akachukua simu, akatafuta namba, kisha akampa Chiriku.

"Mjomba wako huyo. Mwambie mwenyewe."

"Mama, tafadhali, mwambie wewe."

"Mimi nilimpa habari za uongo bila kujua. Wewe ulikuwa unajua. Sema naye."

Simu iliita. Mjomba alipokea kwa furaha, akauliza hali, akauliza kama Dada ameshinda. Chiriku alimweleza yote, maneno yakitoka kwa kukwamakwama.

"Kesho," Mjomba alisema, "nilikuwa nawagawia majirani mbegu zangu za zamani zote. Nimekwisha kuwaita."

Chiriku alilia. "Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa naihurumia mimea."

"Najua, mwanangu. Una moyo mzuri. Lakini mimea ya kopo ikifa, dada yako hupanda mingine. Shamba langu likifa, wanangu watakula nini? Hao nao ulipaswa kuwahurumia. Umekosea, hilo hutokea kwa kila mtu. Ila kosa ukiliona, liseme siku hiyohiyo, likiwa bado dogo, kabla watu hawajaliamini na kulijengea maisha yao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Haya. Mpe dada yako simu nimpe pole."

Chiriku alikwenda chumbani kwa Dada. Alimkuta amelala kifudifudi, bado na nguo ya sherehe. Dada aliipokea simu, akasikiliza, akasema "asante, Mjomba" mara kadhaa, akakata.

"Dada, umenisamehe?"

"Bado," Dada alisema. Alisogea kidogo kitandani, akamwachia nafasi. "Lakini kaa."